Mikebe Miwili na Kamba Moja

Juzi nilikwenda soko la Nyawera kununua kamba ya kuanikia nguo. Muuzaji alikuwa ameacha mafungu ya katani nje, mvua ikayalowesha, na harufu yake ikanipata kabla sijafungua mdomo kusema ninataka mita ngapi. Ni harufu ya nyasi zilizoanza kuoza, yenye mafuta kidogo ndani yake. Nikamwambia muuzaji nitarudi. Sikurudi. Nyumbani kwangu nguo zinaanikwa kwenye waya, na mtu akiniuliza sababu, namjibu kwamba waya hudumu zaidi.

Ukweli ni mwingine. Kwa miaka mingi, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye diploma na watoto wangu, niliamini kwamba kamba kama ile ndiyo iliyomwondoa baba yangu duniani, na kwamba mimi ndiye niliyeivuta. Nyinyi wa rika langu mliokulia Bukavu wakati wa vita mnanielewa. Kila mmoja wetu ana wazo lake la kitoto alilolificha vizuri, akaolewa nalo, akazeeka nalo. Langu ni hili.

Tulikaa Kadutu, juu kabisa, ambako barabara ya magari inachoka na kuwaachia watu ngazi za udongo. Ukisimama mlangoni kwetu ulikuwa unaliona ziwa lote na rasi za Ibanda zilivyoingia majini, na paa za nyumba nzuri zenye bustani. Kila kitu kilichotakiwa na watu kilikuwa chini: ofisi, benki, shule, kazi ya Papa, hata maji. Sisi tulikuwa juu. Asubuhi mji mzima wa juu ulishuka, na jioni ulipanda tena ukihema, kila mtu na mzigo wake.

Papa alifundisha historia katika taasisi moja huko Ibanda. Alikuwa mrefu, mpole, msahaulifu, na magoti yake yalikuwa mabovu tangu ujana. Kupanda kwetu kulimchukua muda mrefu kuliko wakina mama waliobeba magunia. Alikuwa akipumzika mara nne njiani, mahali palepale kila siku, na akifika nyumbani anakaa kwenye kiti cha mlangoni na kuyakanda magoti. Mimi nilikuwa namvua viatu. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sikumruhusu mtu mwingine aifanye.

Kabla sijazaliwa, mapadri walimpeleka kusoma mwaka mmoja Uswisi, katika mji wa Fribourg. Wengine waliokwenda Ulaya walirudi na redio au suti. Papa alirudi na koti zito la sufu ambalo halikuwa na maana Bukavu, na mapenzi ya ajabu kwa treni moja ndogo. Kwa Kifaransa inaitwa funiculaire. Yeye aliipa jina lake, treni ya kamba, na alikuwa akiandika kitabu kizima juu ya historia yake. Wanafunzi wake walimwita Profesa Kamba, si mbele yake, lakini alijua na nadhani ilimpendeza.

Kitabu chenyewe kilikuwa katika madaftari ya shule yenye jalada la bluu. Kabla ya chakula cha jioni alitusomea kurasa alizoandika, Maman akichambua maharagwe, mdogo wangu akitambaa chini ya meza. Nilisikia habari za miji ambayo sikuweza kuionyesha kwenye ramani, lakini niliweza kueleza jinsi watu wake wanavyopanda. Lyon, ambako wafumaji wa hariri walikaa kilimani, na walipowekewa treni ya kamba wakaiita “uzi” tu, kwa sababu ilivutwa. Lisbon, ambako vibehewa hupita katikati ya nyumba mpaka abiria anaona watu wanakula nini. Valparaíso, mji wa bandari kule Chile, ambako nyumba zimejengwa kwenye vilima vikali na kila kilima kilidai kamba yake. Papa alisoma majina hayo polepole, na Maman alikuwa akimuuliza, “Na kule wanakula nini?” Papa hakujua kamwe. Alijua upana wa reli tu.

Fribourg yake ndiyo tuliyoipenda sisi watoto, kwa sababu treni yake haikuendeshwa kwa umeme wala kwa mafuta. Iliendeshwa kwa maji machafu ya mji. Mabehewa mawili yamefungwa kwenye kamba moja ya chuma inayozunguka gurudumu kule juu. La juu linajazwa maji yaliyotoka jikoni na chooni, linakuwa zito, linashuka, na kwa kushuka kwake linalivuta la chini lipande. Likifika chini linamwaga maji yake, na la juu linajazwa upya. Papa aliapa kwamba abiria husikia harufu na hawajali. Tulicheka mpaka Maman akatufukuza mezani.

Nilipoingia mwaka wa tatu wa shule ya msingi alinitengenezea ya kwetu. Alitafuta mikebe miwili mikubwa ya mafuta ya kupikia, ile ya msaada iliyobaki baada ya wakimbizi kuondoka, akaipigilia magurudumu ya mbao. Kando ya nyumba kulikuwa na mteremko mfupi wa mawe unaokwenda mpaka kwenye jiko la jirani. Akalaza mbao ziwe reli, akafunga puli kwenye mti wa mwavokado, akapitisha kamba ya katani. Ukiutilia maji mkebe wa juu, unatikisika, unafikiri kidogo, kisha unashuka, na ule wa chini unakuja kwako taratibu. Kamba ikilowa ilitoa ile harufu. Katikati ya reli aliweka mahali pa kupishana, mbao zimejitenga kidogo, ili mikebe isigongane. Pale ndipo palipomfurahisha zaidi. Kila mikebe ilipopishana alisimamisha maneno, aangalie.

“Unaona, Neema,” aliniambia. “Hapana hata kimoja chenye kupanda peke yake. Kama kimoja kinapanda, ujue kuko kingine chenye kushuka.”

“Na kama chenye kuwa juu kinakataa kushuka?”

“Basi ya chini inabakia chini. Itangojea tu.”

Nilikuwa na miaka minane. Mambo niliyoambiwa na Papa sikuyaweka pamoja na yale ya shuleni, ambayo unaweza kuyasahau baada ya mtihani. Niliyaweka pamoja na katekisimu.

Mtu pekee aliyethubutu kumtania Papa juu ya treni yake alikuwa jirani yetu, Mama Nsimire, mwenye lile jiko la chini ya mteremko. Alikuwa mjane kutoka upande wa Katana, mfupi, mwenye shingo nene, na kazi yake ilikuwa kubeba. Alipandisha magunia ya mihogo na mchanga kutoka ziwani mpaka sokoni Kadutu, mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Mkanda ule ulimwachia alama, bonde dogo kwenye mfupa, na mimi nilipokuwa mdogo nilifikiri amezaliwa nalo.

“Papa Neema,” alimwambia siku moja akitazama mikebe ikipishana, “hii treni yako itabeba na mifuko ya mihogo?”

“Itabeba yote.”

“Na siye tutabeba nini?”

 Papa akaingia ndani, akaandika swali lile kwenye daftari. Najua, kwa sababu daftari ninalo sasa.

Sura ya mwisho ya kitabu ilipaswa kuwa ya Bukavu, mji wenye vilima vingi kuliko miji yote aliyoisoma, na usio na kamba hata moja. Alikuwa na maelezo yake, na alipoyasema sauti ilimpanda kidogo. Wazungu waliojenga mji walijiwekea makazi kwenye rasi, karibu na maji. Waliotumwa kukaa kilimani tulikuwa sisi. Treni ya kamba hujengwa mahali ambapo mwenye kuamua naye anaumwa magoti. Nafikiri hiyo ndiyo sentensi bora aliyowahi kuisema, na hakuna aliyeisikia isipokuwa mke wake na binti yake.

Vita vilikuwa vimekwisha kupita kwetu mara moja, nami nilikuwa bado nabebwa. Viliporudi nilikuwa na akili ya kuvikumbuka. Asubuhi ile Papa alishuka mapema, kwa sababu katibu wa taasisi alikubali kumwachia mashine ya kuandikia kabla ya masomo kuanza. Alibeba daftari la mwisho chini ya kwapa. Alinipapasa kichwa, akasema jioni tutapaka grisi magurudumu. Saa mbili baadaye milio ya risasi ilianza upande wa mto Ruzizi, ikapanda, ikatawanyika katika mji wote wa chini.

Watu wa chini wakakimbilia juu. Jioni ile nyumba yetu ilikuwa na watu kumi na saba, jamaa na wasio jamaa, wamelala hata chini ya meza aliyotusomea Papa. Papa hakuwemo. Siku ya pili hakuja. Wanaume waliojaribu kupanda ngazi walizuiwa katikati, ambapo askari walikuwa wameweka kituo chao, na habari za waliozuiwa hazikuwa nzuri. Watu wazima walizisema kwa Mashi, lugha ya wazee wetu, wakidhani watoto hatusikii. Maman hakulia. Alipika uji, akagawa, akaosha vikombe, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena.

Wanawake wenye mizigo ndio walioachwa wapite, kwa sababu askari nao walitaka kula. Siku ya tatu Mama Nsimire alishuka na mkanda wake, akarudi mchana. Alimkuta Maman uwani, nami nilikuwa nyuma ya nguo zilizoanikwa.

“Nilimuona,” alisema. “Iko muzima. Iko mu depo ya biro yao, yeye na sentineli, mulinzi wao. Bananyweya mayi ya mvua.”

“Anakuya?”

“Hawezi kupitia ngazi. Banaume beko banabazuia. Anasema atatafuta njiya, tusimufwate. Tena anasema: muambie Neema achunge mikebe.”

Maman aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani haraka. Papa alitaka tu kunipa neno la kunituliza, nafikiri, kama mtu anavyomwambia mtoto achunge paka. Lakini mimi nilisimama nyuma ya shuka nikiyarudia maneno yale. Papa ameniachia agizo. Na katika nyumba yenye watu kumi na saba, hakuna mwingine aliyeweza kulielewa.

Nilikimbia kwenye mteremko. Mambo yalikuwa wazi kabisa, na niliona aibu kwamba sikuyaona mapema. Mkebe wa juu ulikuwa juu, mkavu. Mkebe wa chini ulikuwa chini kabisa, karibu na jiko, na majani yameanguka ndani yake. Siku tatu hakuna aliyetia maji. Tena watu wote wa chini walikuwa wamepanda, wakakaa juu, hakuna hata mmoja aliyeshuka. Angepandaje Papa?

Nikachota kikombe, nikamwaga kwenye mkebe wa juu, kikombe kingine, kingine tena. Ukashuka. Wa chini ukaja. Nikakaa mlangoni kungoja Papa mpaka jua likazama, na Papa hakuja. Nikaelewa kwamba mkebe ni mkebe. Mtu anavutwa na mtu.

Siku ya nne, saa sita mchana, milio ilitulia. Nilikunywa maji vikombe vinne, mpaka tumbo likawa linacheza nikitembea, ili niwe mzito. Kisha nikachukua bidoni la njano, dumu la lita tano, ambalo Maman alikuwa amelihifadhi chini ya kitanda. Yalikuwa maji ya mwisho ya nyumba nzima. Niliona vibaya kuyachukua, lakini nilijisemea kwamba Papa akifika atawaeleza. Nikatoka. Katika nyumba yenye watu wengi vile, kila mmoja alifikiri niko na mwingine.

Ngazi zilikuwa tupu. Sijawahi kuziona hivyo tena, na sitaki. Kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, na unga uliomwagika ambao mtu alikuwa amejaribu kuuzoa. Nilishuka nikibadilisha mkono kila ngazi kumi. Njia nzima nilikuwa natazama mbele, kwa sababu nilijua kuna mahali pa kupishana, na kwamba pale nitamwona Papa akipanda upande wake. Nilikuwa nimeamua nitampungia mkono bila kusimama.

Pale katikati hapakuwa na Papa. Palikuwa na askari watano wamekaa kwenye magogo.

“Mwana,” mmoja aliniita, kijana mwenye Kilingala mdomoni, “hiyo mayi unapeleka wapi?”

“Chini.”

“Chini kuko nini?”

Nikasema kilichokuwako. “Kuko ziwa.”

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka bunduki chini ajishike mbavu. Mtoto wa Kadutu anayepelekea ziwa maji. Wakaniambia nirudie, nikarudia, wakacheka tena, wakawaita wenzao wawili waliokuwa wanalinda mtaro wa maji ya mvua unaoteremka kilima chote waje wamsikie mtoto huyu. Wakachukua bidoni, wakanywa kwa zamu. Yule kijana alinirudishia limebaki nusu. Nilikasirika, si kwa sababu ya kiu ya nyumbani. Nilikasirika kwa sababu uzito wangu umepungua.

“Endaka,” akasema. “Usalimie ziwa.”

Nikashuka. Nilipofika barabara ya chini nilifanya kama linavyofanya behewa la Fribourg: nikamimina maji yote yaliyobaki kando ya njia, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha nikageuka, nikatazama juu kilimani, nikangoja nihisi.

Aliyenipata pale ni Mama Nsimire, akitoka chini na kikapu kitupu. Hakunipiga. Aliniuliza mara moja tu, “Nani alikutuma?” na niliposema ni Papa, uso wake ukabadilika, nadhani alifikiri nimeugua kichwa. Akachuchumaa, akanipandisha mgongoni, akazungusha kanga, akapitisha mkanda chini ya matako yangu na kwenye paji la uso wake, kama gunia. Hakuchukua ngazi. Alichukua barabara ndefu ya magari, inayozunguka.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele.

“Niteremushe. Mama Nsimire, niteremushe, mi sipashwe kupanda.”

“Nyamaza.”

“Kama napanda, Papa atashuka.”

“Papa yako iko kwa depo. Nyamaza, utatuuwisha.”

Nilimpiga mabega. Nilimvuta nywele. Alama za meno yangu alikaa nazo shingoni wiki nzima. Yeye alitembea, ameinama, akihesabu hatua kwa pumzi kama alivyozoea, na kila hatua yake ilinipandisha. Tulipofika kwenye kona ya tatu, milio miwili ikasikika upande wa ngazi. Miwili tu, imeachana kidogo. Mama Nsimire alisimama, akangoja, akaendelea.

Mlangoni kwetu nilikuta viatu vya Papa havipo, lakini kulikuwa na udongo mwekundu chini ya kiti chake, wa mtaroni, bado mbichi. Maman alikuwa amesimama amejishika kichwa kwa mikono miwili. Aliponiona juu ya mgongo ule hakufurahi kwanza. Kwanza alitazama nyuma yetu.

“Papa yako alikuwa hapa,” akasema. “Alifika. Amekwenda kukutafuta.”

Alikuwa amepanda kwa mtaro, kwa mikono na magoti yale, wakati ule ule ambapo askari wa mtaroni waliitwa waje kunicheka. Baadaye watu walizilinganisha saa zile, na wote wakakubaliana. Alikaa nyumbani muda wa kumaliza kikombe kimoja cha uji. Kisha akaambiwa mtoto hayupo, ameonekana akishuka ngazi, naye akashuka ngazi.

Kesho yake wanaume wa mtaa walimpandisha ndani ya blanketi, wanane, wakipokezana. Hiyo ndiyo mara pekee Papa alipopanda Kadutu bila kupumzika mahali pake panne. Niliwangoja mlangoni nimvue viatu. Mtu fulani alikuwa amekwisha kumvua.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Kila kitu kilikuwa kimetokea kama alivyonifundisha. Nilishuka, akapanda. Nikapandishwa, akashuka. Kwa miezi kadhaa baada ya mazishi nilitoroka kila alasiri nikashuka mpaka barabara ya chini na kukaa pale, nikingoja. Na kila alasiri mtu alinirudisha juu, na nilimchukia huyo mtu. Maman alinichapa mpaka akachoka. Mikebe niliizika mwenyewe nyuma ya jiko, na kamba nikaitupa chooni. Nilipokua nikapanga nyumba Ibanda, chini, karibu na maji, na watu wakasema Neema amekuwa mtu mkubwa, anakaa na wakubwa. Niliwaacha waseme.

Siku ile ya Nyawera, baada ya kumkimbia muuzaji wa kamba, miguu ilinipeleka ngazini. Nilipanda mpaka kwa Maman. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, lakini bado anapanga vikombe. Nilikaa kwenye kiti cha Papa, nikamwambia yote, mkebe, maji, agizo, Mama Nsimire ambaye amekwisha kuzikwa na ambaye sikuwahi kumwomba radhi kwa shingo yake. Nilisema nikitazama ziwa. Nilipomaliza nilifikiri hakusikia.

“Naijua,” akasema.

“Unajua nini, Maman?”

“Alipofika aliuliza: Neema iko wapi? Tukatafuta. Mutoto wa jirani akasema alikuona kwa ngazi na bidoni. Papa yako akauliza: bidoni iko na mayi, ao iko wazi? Nikaangalia chini ya kitanda, haiko. Nikamuambia, iko na mayi. Akatoka inje, akaenda kule kwa mikebe. Akarudi, akakaa hapo unakaa sasa. Akasema, ‘Mama Neema, mutoto ameshuka ili mi nipande.’ Alikuwa anacheka, na machozi iko inatoka. Kisha akafunga viatu.”

“Juu ya nini haukuniambia?”

Maman alichukua kikombe, akakigeuza, akakirudisha mahali pake.

“Ulikuwa mudogo sana,” akasema. “Kisha ukakuwa mukubwa sana.”

Akaingia chumbani, akapapasa, akaniletea daftari la bluu. Walilikuta ndani ya shati lake, siku ile ya blanketi. Alikuwa amepanda nalo mtaro mzima, na akashuka nalo. Sura ya Bukavu ina kichwa tu, na chini yake mistari michache ya penseli, mwandiko wa mtu anayeandika gizani mwa depo: kwamba tutakapojenga yetu, tusisahau mahali pa kupishana, na tuweke mabenchi yanayotazama dirishani, kwa sababu wanaopanda na wanaoshuka wana haki ya kuonana.

Nililisoma mara mbili. Kisha nikamsaidia Maman kuwasha moto, nikaaga, nikaanza kushuka. Ilikuwa saa ile ambapo mji wote wa juu unarudi nyumbani, wanafunzi, makarani, wakina mama na mikanda yao, ngazi zimejaa na kila mtu ameinamisha kichwa. Niliteremka upande wangu polepole, na kila aliyekuwa akipanda nilimtazama usoni.